Sparingi nayo ina uongo wake: uzi kwa wanaojifua kwenye sanaa za mapigano

Wakuu, salaam.

Mada yoyote ya karate, ndondi au judo ikianza, haichukui muda mtu atauliza: "Huko kwenu mnapigana kweli au mnacheza ngoma?" Basi hapo panawaka. Wa ndondi na kikboksi wanasema bila sparingi hujajifunza kitu. Wa kata, yaani wanaorudia mbinu zilizopangwa mapema, wanajibu kwamba mbinu zao ni za hatari mno kumjaribia mwenzako. Yanaisha kwa kejeli, kesho yanaanza upya.

Mimi niko upande wa sparingi, niseme mapema. Ila sisi wa upande huu tuna tabia ya kuizungumzia kana kwamba ndiyo ukweli wenyewe wa mapigano. Sivyo. Kila sparingi ina sheria zake, na kila sheria inaficha kitu. Anayejua sparingi yake inamficha nini atafaidika nayo miaka mingi. Asiyejua ataambiwa na mtu mwingine, tena siku ambayo hakuipanga.

Kwa wageni wa mambo haya: sparingi ni zoezi la kupambana na mwenzako ambaye naye anajaribu kukupiga, kukuangusha au kukubana, kwa masharti mliyokubaliana. Wajudo wana randori, wakarateka wana kumite. Kinachoitofautisha na mazoezi mengine ni kimoja tu: mwenzako hana mpango wa kukusaidia.

Begi halikufundishi nini

Mwangalie mtu aliyejifua miezi kadhaa kwa begi la kupigia ngumi na pedi, mkono wake umenyooka, kocha anamsifu, siku anapoingia ulingoni kwa mara ya kwanza. Kengele ikilia, mabega yanapanda mpaka masikioni. Anabana pumzi bila kujijua. Jebu ya kwanza (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) ikimjia, hata kabla haijamgusa, anafumba macho, kidevu kinainuka, anarudi nyuma kwa mstari mnyoofu huku mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Akirusha ngumi, nusu hatua inakosekana na inaishia hewani. Anasogea, anarusha nyingine, sasa yuko karibu mno, inageuka kuwa kumsukuma mtu kifuani. Raundi haijafika nusu, kahema hoi. Na huyo ni mtu anayepiga begi raundi sita mfululizo kisha anacheka na wenzake.

Nguvu anazo, na mbinu anazo. Kinachomkosa ni vitu ambavyo begi haliwezi kumpa: umbali unaobadilika kila sekunde, wakati sahihi wa kurusha, na mazoea ya kuona kitu kikija usoni bila mwili kuingiwa na kiwewe. Pumzi ndiyo ya kwanza kuondoka. Mtu aliyebana pumzi anakaza misuli yote, hata isiyohusika, na misuli iliyokazwa inakula nguvu haraka kuliko ngumi zenyewe. Ndiyo maana kocha mzuri hampigii kelele "piga! piga!" siku hiyo. Anamwambia "pumua", anarudia, anarudia tena.

Dawa ya kiwewe hiki ni kurudia mara nyingi kwa nguvu ndogo. Ukimpa mgeni kipigo kikali siku ya kwanza ili "azoee", unachomzoesha ni kufumba macho. Nitalirudia hili chini, maana hapa ndipo jimu nyingi zinapoharibu watu.

Kano aliondoa vitu, na hapo ndipo alipopata

Watu wanaosema mbinu zao ni za hatari mno kwa sparingi wasome habari za Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo. Alianzisha shule yake, Kodokan, mjini Tokyo mwaka 1882, wakati jujitsu ya zamani ilikuwa na kila aina ya mapigo na mavunjo. Kano aliyaacha mapigo na mbinu za kuvunja hovyo ndani ya kata, akabakiza kwenye randori kuangusha, kubana chini, kukaba na baadhi ya kufuli za mkono (kukunja kiungo hadi mtu akubali). Ukiangalia harakaharaka utasema alipunguza makali. Lakini kwa kuondoa vile ambavyo haviwezekani kufanywa kwa salama, wanafunzi wake waliweza kuvifanya vilivyobaki kwa nguvu zote, kila siku, kwa mtu anayekataa kuangushwa.

Wa kendo, sanaa ya upanga ya Kijapani, walilipata jambo hilohilo mapema zaidi. Upanga wa mbao ukimpiga mtu unavunja mfupa, kwa hiyo mazoezi mengi yalikuwa ya mpangilio: wewe unapiga hivi, mimi nazuia vile. Katika karne ya 18 matumizi ya upanga wa mianzi na mavazi ya kinga yakashika kasi, na watu wakaweza kupiga kwelikweli bila kumuua mwenzao.

Kwa hiyo ile hoja ya "mbinu yangu ni ya hatari" inaniacha na swali dogo. Mbinu ambayo hujawahi kuikamilisha kwa mtu anayekupinga, unajuaje kwamba unaiweza? Kidole cha jichoni kinahitaji umbali na wakati sahihi kama jebu tu. Asiyeweza kukugusa paji la uso kwa glovu hawezi kukugusa jicho kwa kidole.

Sasa uongo wenyewe

Hapa ndipo nataka tubanane.

Kyokushin, karate ya Masutatsu Oyama, wanapigana bila glovu na kwa nguvu zote. Ni watu wagumu, hilo halina ubishi. Lakini kwenye mashindano yao ngumi ya kichwani hairuhusiwi, teke la kichwani linaruhusiwa. Matokeo yake unaona watu wawili wamesimama kifua kwa kifua wakitwangana mbavu, mikono iko chini, kwa sababu hakuna ngumi itakayokuja usoni. Mpeleke huyo kwenye kikboksi bila kumrekebisha, atapigwa jebu hadi ashangae.

Taekwondo nayo. Tangu Olimpiki ya London 2012 kinga za kifua zina sensa (vihisio vya umeme) zinazohesabu pigo, na Rio 2016 sensa zikaingia kwenye kofia. Wachezaji si wajinga, wakajifunza kinachoifurahisha mashine: mguu wa mbele unaninginia hewani, unagusa, unarudi, unagusa tena. Yale mateke ya kuzunguka yaliyowafanya wengi wetu tuupende mchezo huo yakapungua.

Judo walipiga marufuku kushambulia miguu moja kwa moja mwaka 2010, wakakaza zaidi 2013. Mjudo aliyekulia kwenye sheria hizo ana mizani ya ajabu akikushika kola, lakini mwanamieleka akichupia miguu yake anakuta pako wazi.

Jujitsu ya Kibrazili ndiyo yenye sparingi nyingi kuliko zote kwa maoni yangu, maana kukaba na kufuli unaweza kuzifanya karibu kwa nguvu zote, mwenzako akigonga kwa mkono kuonyesha amekubali, unaachia. Ndiyo siri mojawapo ya Royce Gracie kule Denver, Novemba 1993, kwenye UFC ya kwanza, mashindano yanayochanganya sanaa zote za mapigano: aliwashinda watu watatu usiku mmoja huku akiwa mwepesi kuliko wengi. Alichokifanya ulingoni alishakifanya mazoezini mara zisizohesabika kwa watu waliokuwa wanakataa. Lakini vijana wengi wa jujitsu siku hizi wanasparingi bila mapigo kabisa, wanakaa chini wanamwita mpinzani aje. Ngumi moja ya kutoka juu na ile pozi nzuri inasahaulika.

Na ndondi, kabla hamjanicheka. Glovu za sparingi kwa watu wengi ni za aunsi 16, za pambano ni aunsi 8 au 10. Ukivaa zile kubwa unaweza kujificha nyuma yake, uso wote umefunikwa, ngumi zinagonga ngozi na sifongo. Kwenye glovu ndogo ulinzi uleule una matundu, na ngumi inapenya katikati ya viganja. Bondia aliyejengwa kwa sparingi peke yake hulishangaa hili raundi ya kwanza.

Mfano unaonikaa kichwani kuliko yote ni fainali ya kumite ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4–1. Akamrushia Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani, likaingia barabara, Ganjzadeh akaanguka na kutolewa kwa machela. Waamuzi wakakaa, wakamwondoa Hamedi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amepoteza fahamu.

Watu walicheka dunia nzima. Mimi sikuona cha kucheka. Kwa sheria za mchezo ule, kusimamisha pigo kwa udhibiti ndiyo ustadi wenyewe, na aliyeshindwa kudhibiti amekosea. Ila fikiria mwili unajifunza nini kwa miaka kumi ya kusimamisha mguu sentimita chache kabla ya shabaha. Unajifunza kusimamisha. Kuna mkufunzi atakwambia siku ya hatari utaachia tu. Mimi nasema mwili unafanya ulichokizoeza.

Sisemi michezo hii haifai. Nasema jua tundu lako liko wapi, na mara mojamoja nenda ukaguswe hapo. Wa ndondi akaombe raundi na mwanamieleka, wa jujitsu avae glovu. Nusu saa tu inafundisha.

Kichwa hakina spea

Mwaka 1928 daktari mmoja Mmarekani, Harrison Martland, alichapisha maelezo ya mabondia waliokuwa wanapepesuka na kuchanganyikiwa kutokana na kupigwa kichwani. Karibu karne nzima imepita na bado kuna jimu ambako Ijumaa ni siku ya vita, kila mtu anampiga kila mtu, kocha amekunja mikono anatabasamu.

Fahamuni kofia ya kinga inafanya nini. Inapunguza kuchanika, inalinda nyusi na masikio. Ubongo kutikisika ndani ya fuvu haizuii, kwa sababu kinachoumiza ni kichwa kuzungushwa kwa ghafla, na kofia inazunguka pamoja na kichwa. Tena inaongeza ukubwa wa shabaha na kukupa ujasiri usio wako. Chama cha kimataifa cha ndondi za ridhaa kiliziondoa kofia kwa wanaume wakubwa mwaka 2013, na Rio 2016 walipigana bila hizo. Uamuzi huo ulibishaniwa sana, lakini ulitufanya tuache kuiona kofia kama bima.

Halafu kuna hasara ya kawaida tu. George Foreman na Muhammad Ali walipangiwa Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974. Foreman akachanwa juu ya jicho kwenye sparingi, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Dunia nzima ikasubiri kwa ajili ya raundi ya mazoezi.

Upande mwingine yuko Max Holloway, mpiganaji wa UFC, aliyeeleza kwamba aliacha sparingi kwenye maandalizi yake, kisha Januari 2021 akampiga Calvin Kattar mapigo 445 ya maana, rekodi ya UFC. Vijana wakalishika hilo: "Unaona, sparingi haihitajiki!" Taratibu, jamani. Huyo ana sparingi ya miaka mingi nyuma yake, umbali na wakati vimeshaingia damuni. Wewe mwenye miezi minne huna cha kuacha.

Wanaoniridhisha zaidi ni Wathai. Mabondia wa Muay Thai, ndondi ya Kithai yenye mateke, hupigana ulingoni mara kwa mara, kwa hiyo mazoezini wanacheza: teke linagusa na kurudi, mtu akipatikana anacheka na kuendelea. Kazi ngumu wanaimalizia kwenye pedi na kwenye kushikana shingo. Wanarudia maelfu ya mara bila kuharibu vichwa, na hakuna mwenye akili atakayesema hawajui kupigana.

Naendelea, nimeona maswali

*"Mkuu kwa hiyo sisi wa kata tunapoteza muda?"*

Hapana. Kata inakupa umbo, mizani na kumbukumbu ya mbinu ambazo sparingi yako imezitupa nje. Gichin Funakoshi aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 hakuvutiwa na kupigana huru, na alikuwa na sababu zake. Tatizo linaanza mwalimu anapoishi miaka mingi na wanafunzi wanaoanguka kwa heshima. Hapo anajidanganya bila nia mbaya. Mwaka 2017 kule China mpiganaji Xu Xiaodong alipambana na mwalimu wa tai chi (sanaa ya Kichina ya miondoko ya taratibu), Wei Lei. Haikufika hata sekunde 20. Sikufurahia video ile, mzee wa watu alionekana hakuamini kilichokuwa kinatokea, na nadhani kweli hakuamini.

*"Mgeni aanze lini?"*

Aanze mapema, ila si kwa kile mnachokifikiria. Wiki za mwanzo mpe sparingi yenye mipaka: yeye anapiga jebu tu, mwenzake anakwepa na kuzuia tu, hapigi. Raundi inayofuata wabadilishane. Baadaye wote jebu. Kisha jebu na mwili, kichwa kisiguswe. Ukifanya hivyo anajifunza umbali bila woga, na wewe kocha unaona kosa lake liko wapi kwa sababu kinachotokea ni kitu kimoja kwa wakati. Na mpangie mtu mzoefu. Wageni wawili pamoja ndio hatari, hakuna kati yao anayejua kupunguza.

*"Sisi kwetu ni moto tu na tumetoa mabingwa."*

Mmetoa mabingwa, sawa. Walioacha kwa kuumwa vichwa mmewahesabu? Tunaowaona ni wale waliobaki. Sikatai raundi ngumu kwa mtu anayejiandaa na pambano, anazihitaji, apimwe chini ya presha na mtu mwenye mtindo wa mpinzani wake. Ziwe chache, zipangwe, na zikome mapema kabla ya siku yenyewe. Anayejifua kwa afya na kujilinda hana sababu ya kuzipokea kabisa.

Tena hata moto wenu una uongo. Mike Tyson aliangushwa na Greg Page kwenye sparingi Tokyo, Januari 1990. Wengi waliliona kama jambo la mazoezi tu. Tarehe 11 Februari Buster Douglas akamlaza kwa nokauti. Kama raundi zenu ngumu hazisomwi, mnaumizana bure.

*"Nilipigwa juzi, sikuzimia, ila kichwa kinauma na mwanga unanisumbua. Niendelee?"*

Usiendelee. Nenda kwa daktari leo. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji kuzimia: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kusahausahau, kuchukia mwanga, usingizi kuvurugika, zote ni dalili. Kupigwa tena kabla ubongo haujapona kunaweza kuleta madhara makubwa mno kuliko pigo la kwanza, hata kifo. Ukiruhusiwa unarudi kwa ngazi: kutembea, kukimbia, begi, pedi, na sparingi inakuja mwisho kabisa. Na kama utatapika, au maumivu yakazidi, au ukaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

*"Watoto je?"*

Wacheze mchezo wa kugusana mabega na magoti, mieleka, judo, randori nyepesi. Ngumi za kichwani wasiguse mpaka wakue. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe "hapigani", mwonyeshe mtoto anavyoanguka vizuri bila kuumia. Hiyo itamfaa maisha yake yote.

*"Kuna jamaa kila tukikubaliana taratibu anapandisha nguvu. Nimwambieje?"*

Huyu yupo kila jimu. Mara nyingi si mbaya, anapandisha pale anapoguswa na kuona aibu. Kwanza angalia kama wewe mwenyewe hupandishi bila kujua, maana anayepiga daima huona pigo lake ni jepesi. Mpe neno fupi katikati ya raundi: "Punguza." Wengi hushuka hapohapo. Akipanda tena, mwambie kocha awasimamie raundi inayofuata kwa jebu peke yake, hapo hana pa kuficha hasira. Akipanda hata hapo, gonga glovu, ondoka ulingoni, maliza siku yako kwenye begi. Huna deni naye, na kocha akikuona mwoga kwa hilo, anza kuulizia jimu nyingine.